Allegro barbaro ya Bartók: mkono ulikuwa unakufa ganzi ukurasa wa tatu, sasa nafika mwisho (uzi mrefu kidogo)

Kinanda_Kimoja (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Nyuzi za piano humu ni za kuhesabu, na nyingi ni za kusindikiza kwaya. Huu ni wa kitu kingine: kipande cha Béla Bartók, mtunzi wa Kihungaria, kiitwacho Allegro barbaro (yaani kwa kasi, kishenzi), ambacho nimepigana nacho tangu mwezi wa pili. Naandika kwa sababu kilikaribia kuniharibia mkono, na mazoezi zaidi ndiyo yaliyokuwa yanauharibu.

Kwanza mjue natokea wapi. Napiga kinanda kanisani hapa Dar, mwaka wa kumi na mbili huu. Nilianza na solfa, nota za mistari mitano nimejifunza ukubwani. Kibodi ya kanisani vibonye vyake vyepesi kama vya rimoti, kwa hiyo nguvu sijawahi kuihitaji. Sauti ikitakiwa kubwa unamwangalia kijana wa mitambo, anaongeza. Mwaka jana ukumbi wetu ulipata piano ya kusimama, kuukuu, ya nyuzi kweli, na mimi nikapewa ufunguo. Ndipo nikakisikia kipande hiki, usingizi ukaniruka.

Kwa wasiokijua: ni dakika mbili na nusu hivi. Kinahesabiwa mbili-mbili, kordi (nota kadhaa kwa pamoja) ya F-shapu maina inagongwa, inagongwa, inagongwa, mkono wa kushoto karibu haupumziki, na wa kulia unaleta wimbo mfupi mfupi kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Juu ya wimbo huo zimejaa alama za mkazo. Ukiitazama karatasi unajua kabisa umeletewa kazi ya kubeba mizigo.

Basi nikaenda nayo hivyo hivyo. Mtu mmoja mwenye vyeti vyake vya piano alinisikiliza siku za mwanzo akaniambia nikaze vidole viwe kama chuma, nirudie mpaka mkono uzoee. Nikarudia. Wiki ya tatu, nikifika ukurasa wa pili misuli ya juu ya kigasha inawaka moto, nikifika wa tatu kidole cha mwisho ganzi. Siku moja nimetoka pale nikashindwa kufungua chupa ya maji, mtoto wa darasa la pili akanifungulia.

Nilichokuja kugundua ni kwamba nilikuwa napiga mara moja lakini nasukuma mara mbili. Kordi imeshalia, mimi bado naikandamiza kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe, na kordi inayofuata inanikuta nimekaza vilevile. Kwa mwendo wa kipande hiki, usipolegeza palepale hutapata tena nafasi ya kulegeza.

Nikaanza upya na kordi moja. Siku nne, kordi moja. Naunyanyua mkono kuanzia kwenye kiwiko, nauachia uanguke, sauti inatoka, na hapohapo, vidole vikiwa bado vimekaa juu ya vibonye, kifundo cha mkono kinalegea. Mke wangu akipita ananisukuma kifundo kwa kidole kimoja. Kikiyumba tunaendelea, kikigoma narudia. Wanangu walidhani piano imeharibika, inatoa sauti moja tu.

Baada ya hapo kordi mbili, halafu nne, halafu nane. Hapa ndipo palipo na siri, kama ipo. Mkono haushuki mara nane. Unashuka mara moja, penye mkazo, na zile nyingine zinatoka kwenye mdundo wake, kama mpira uliouachia sakafuni. Ukizipiga zote nane kwa nguvu sawa unachoka, na tena zinasikika kama mtu anayepigilia misumari. Ukiutupa mkono mmoja kwa kila mkazo, msikilizaji anasikia ushenzi wote anaoutaka, na wewe umefanya kazi robo.

Leo nimekipiga mwanzo mpaka mwisho mara mbili mfululizo, na chupa nikafungua mwenyewe. Karibuni, hasa waliopitia humo.

---

mtazamaji_wa_nje

Nimeweka kigoda. Ila mkuu, nimekisikiliza kipande chenyewe sasa hivi. Huu ni muziki kweli au mtu ameiona piano akakumbuka mgogoro wake na jirani?

---

Kinanda_Kimoja

Hahaha, mara ya kwanza hata mimi nilitazama kama kuna mtoto anakanyaga vibonye. Sikiliza mara tatu uniambie.

Mgogoro ulikuwepo lakini haukuwa na jirani. Bartók alikiandika 1911, akiwa mwalimu wa piano kwenye chuo cha muziki cha Budapest. Miaka kadhaa kabla ya hapo yeye na rafiki yake Zoltán Kodály walikuwa wanazunguka vijijini na fonografu, wanarekodi nyimbo za wakulima, za Wahungaria na za Waromania. Kwa hiyo ule wimbo mfupi mfupi ni mtu wa kijijini anaimba, siyo fujo. Na inasimuliwa kwamba hilo jina ni kejeli: huko Paris kuna waliowaita yeye na wenzake washenzi wa Kihungaria, naye akajibu, haya, ushenzi wenu huu hapa. Karatasi ilichapwa Vienna 1918.

---

Fundi_Nyuzi

Mwanzisha uzi umesema jambo la kweli bila kulijua kwa undani, ngoja mimi ninayeyafungua haya masanduku nikuongezee.

Kibonye cha piano kinashuka milimita 10 hivi tu. Ndani yake kuna kidude kinachoisukuma nyundo kuelekea kwenye waya, lakini hakiifikishi. Nyundo ikibakiza milimita mbili tatu, kile kidude kinajitoa pembeni, na nyundo inamalizia safari yenyewe, kama jiwe lililokwisha toka mkononi. Lazima iwe hivyo, vinginevyo nyundo ingebaki imeugandamiza waya na sauti ingezimika.

Sasa fikirini. Nyundo ikishatoka, hakuna unachoweza kuifanya. Ukubwa wa sauti umeshaamuliwa na mwendo iliokuwa nao ilipoachiwa. Ukikandamiza chini kwa kilo tano au kwa gramu tano, waya haujui. Kukishusha kibonye polepole mpaka chini kunahitaji gramu kama 50 tu, na kukishikilia kisipande ni pungufu ya hapo. Huyu ndugu alikuwa anashikilia kordi ya gramu mia mbili kwa nguvu ya kubeba ndoo.

Wateja wangu wengi wanaolalamika kwamba piano "haitoi sauti" ukiwaangalia wanakandamiza, hawapigi. Mto wa kitambaa chini ya vibonye umeisha, sauti haijaongezeka.

---

chapuo_la_pwani

Nimecheka peke yangu. Mimi si mtu wa piano, napiga ngoma, chapuo na vumi, Bagamoyo na Unguja kwenye maharusi na shughuli. Haya mnayoyaandika kwa milimita na gramu, sisi tuliambiwa kwa kofi la kisogo.

Mtoto akianza ngoma anaubandika mkono juu ya ngozi. Anapiga, anauacha. Sauti inakuwa "bup", imekufa. Mzee anakwambia usiizibe mdomo ngoma, ipige uondoke. Ngozi yenyewe ndiyo inayourudisha mkono, kazi yako ni kutouzuia. Shughuli inaanza saa tatu usiku mpaka alfajiri, aliyekaza bega anaondoka saa sita na mkono kwenye kitenge.

Ila swali langu kwa fundi: kibonye kinakurudisha kama ngozi?

---

Fundi_Nyuzi

Swali la maana sana hilo. Hapana, si kama ngozi. Kinarudi kwa uzito wa vyuma na mbao za ndani, na huo ni mdogo, gramu 20 na kitu hivi. Kinakusindikiza tu. Anayetegemea kitamrusha mkono juu kama ngoma atasubiri.

Na hapa kuna jambo la kipande hiki hasa, kwa sababu ni kordi zilezile zinarudiwa. Piano kubwa ya kulala ina mtambo ambao Érard, mtengeneza piano wa Paris, aliuwekea hataza (haki ya ugunduzi) 1821: unaweza kukipiga kibonye tena kabla hakijapanda chote. Piano ya kusimama, kama hiyo ya ukumbini kwenu, haina. Lazima kibonye kipande karibu chote ndipo nyundo ishikike tena. Kwa hiyo ukikandamiza na kuchelewa kuachia, mkono unaumia, na juu ya hapo kordi ya pili inakuwa bubu. Nina hakika zilikuwa zinakupotea nota.

---

Kinanda_Kimoja

Fundi! Zilikuwa zinapotea kweli, hasa kule chini kwa mkono wa kushoto, na mimi nikawa nazidisha nguvu nikidhani sijapiga vya kutosha. Kumbe ningeachia mapema zaidi. Miezi miwili yote hiyo.

---

Bi_Solfeji

Hamjambo wanangu. Mimi ni mwalimu wa piano Mombasa, niko kwenye kazi hii tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nimewasoma wote nikafurahi, lakini kuna neno linanitia wasiwasi, hilo "kulegea". Mwanafunzi akisikia kulegea anakuja na mikono kama tambi zilizolowa, kisha anashangaa kordi inatoka nusu.

Mkono uliolegea wote hauwezi hata kukaa juu ya piano, unaanguka mapajani. Wakati wa kugonga, pale penyewe, vidole na vifundo vya vidole lazima visimame imara kama nguzo za daraja, la sivyo uzito wote unamwagika njiani. Kinachotakiwa ni uimara uje kitambo kidogo sana na uondoke. Kwa hiyo mtoto nikimfundisha simwambii legea. Namwambia: simama, acha. Simama, acha.

Na jambo la pili, mwanangu Kinanda. Uzito wa mkono kuanguka una mwisho wake. Mwendo ukiwa wa kasi, mkono haupati urefu wa kuangukia. György Sándor, aliyekuwa mwanafunzi wa Bartók mwenyewe na ndiye aliyepiga kwa mara ya kwanza ile konseto yake ya tatu ya piano (kazi ya piano pamoja na okestra) mwaka 1946, alikuwa akitenganisha miendo miwili. Upo ule wa kuanguka, mkono unatoka juu na uzito wake wote. Na upo ule wa kusukuma, vidole vimeshagusa vibonye tayari, na msukumo unatoka mwilini na mkono wa juu kwa ghafla kisha unakatika. Kordi za mkazo zilizo karibu karibu katika Allegro barbaro zinaupenda huo wa pili. Ukijaribu kuangukia kila moja kutoka juu utachelewa, ukichelewa utakaza.

Kiti nacho. Tazama kiwiko chako kiko wapi. Kikiwa chini ya vibonye unanyanyua mabega ili ufike, na bega likipanda hakuna kinachoshuka vizuri baada ya hapo. Hata mto wa sebuleni unatosha kukupandisha.

---

chapuo_la_pwani

"Simama, acha." Shikamoo mwalimu, hiyo naichukua.

---

Bi_Solfeji

Marahaba mwanangu.

---

kijana_wa_kibodi

Samahani wakubwa, mimi nina kibodi ya umeme, ya vibonye 61 vyepesi. Naweza kujifunza kipande hiki au nisubiri mpaka nipate piano?

---

Fundi_Nyuzi

61 hazitoshi, mdogo wangu, utaishiwa vibonye huku na huku. Ya 88 yenye vibonye vizito, hapo sawa. Na somo la kutokandamiza ni lilelile: ndani ya kibodi kuna visoma-mwendo vinavyopima kibonye kimetumia muda gani kupita kutoka juu hadi chini, sauti inatokana na huo muda. Ukikandamiza baadaye, ni kazi bure vilevile.

---

Bi_Solfeji

Kijana, kabla ya Barbaro chukua Mikrokosmos, Bartók huyuhuyu. Ni vipande 153 kwenye vitabu sita, alivikusanya kati ya 1926 na 1939, kuanzia mtoto asiyejua kitu mpaka dansi za mwendo wa Kibulgaria ambazo hata mimi zinanitoa jasho. Vya vitabu vya kwanza unavipiga kwenye hiyo kibodi yako bila shida. Humo utakuta kugongagonga kwa kipimo unachokimudu.

---

mtazamaji_wa_nje

Nimesikiliza mara tatu kama nilivyoambiwa. Ile sehemu inayoshuka, kordi ileile inazidi kuwa ndogo ndogo mpaka unadhani amelala, halafu inakurukia. Sawa, nimekubali, ni muziki. Ila kwa nini wengine wanakipiga kama mashine ya kukoboa na wengine kinacheza?

---

Bi_Solfeji

Mtafute Bartók mwenyewe, alikirekodi 1929. Kwa wanaotarajia nyundo watashangaa. Mwendo una pumzi, wimbo unavutwa kidogo hapa, unakimbizwa pale, kama mtu anayesema. Na hizo sehemu za kordi peke yake usizihesabu kwa kukisia: zinakuja kwa vipimo visivyolingana, tano, nane, kumi na tatu, na wanafunzi wengi wanapotea hapo kwa sababu wanahangaika na mkono badala ya kuhesabu.

Kuhusu mwanzisha uzi, una jambo moja hujalisema: ulifanyaje mazoezi ya polepole? Maana hapo ndipo wengi wanapojiharibia.

---

Kinanda_Kimoja

Asante mwalimu kwa kuuliza, nilipaharibu haswa. Nilikuwa nikipunguza mwendo, napunguza kila kitu: mkono unashuka taratibu, unagusa, unazama. Nikija kuongeza kasi nakuta nilichokizoea ni mwendo mwingine kabisa, kama mtu aliyejifunza kukimbia kwa kutambaa.

Sasa metronomu, kile kifaa cha kugonga mwendo, iko 50 kwa dakika, lakini pigo lenyewe ni la haraka vilevile. Tap. Kisha nakaa kimya, mkono umelegea, nasubiri pigo lijalo. Kilichopungua ni idadi ya mapigo, namna ya kupiga haijabadilika. Na katika ule ukimya ndiyo najikagua: taya (nilikuwa nasaga meno, mke wangu ndiye aliyeniambia), bega la kushoto, kidole gumba cha kulia ambacho kinapenda kujikunja chenyewe.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kukipiga chote kwa sauti ya chini kabisa, kwa kasi yake. Kwa sauti ya chini mkono hauna sababu ya kukaza, kwa hiyo unajifunza njia. Nguvu nimeirudisha mwishoni, wiki ya mwisho tu, na kwenye mikazo tu.

---

dawa_ya_viungo

Naomba niingie na upande wa hospitali, mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kuchoka kwa misuli baada ya kazi ni kawaida na kunaisha ukipumzika. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya kile cha jirani si uchovu, ni mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko kulalamika. Usiupigie piano juu yake "mpaka uzoee". Mshipa wa fahamu hauzoei. Robert Schumann alitaka kuwa mpiga piano kabla ya kuwa mtunzi, mkono wake wa kulia ukaharibika akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, safari ikaishia hapo.

Ganzi ikirudi, simama siku hiyo. Ikikaa mpaka kesho, nenda ukaonwe. Na msilale mmekunja viwiko, nayo inachangia.

---

kijana_wa_kibodi

Dah. Mimi huwa inanitokea nikishika simu kitandani.

---

dawa_ya_viungo

Ndiyo hiyo hiyo.

---

Kinanda_Kimoja

Narudi baada ya wiki tatu, samahani kwa ukimya, tulikuwa na harusi mfululizo.

Nimejaribu ule msukumo wa mwalimu. Siku mbili za kwanza nilichukia, kwa sababu kuanguka nilikuwa nimekuzoea na kulinipendeza kukutazama. Unanyanyua mkono, unajiona mpiga piano. Msukumo hauna maonyesho. Vidole viko juu ya vibonye tayari, mgongo unakwenda mbele kidogo, kordi inalipuka, kwisha. Mtu aliye nyuma yako hajui umefanya nini. Lakini kile kipande cha ukurasa wa nne, kordi zinazofuatana kwa mkono wa kulia zenye mkazo kila moja, ambacho nilikuwa nakivuka kwa kufumba macho, sasa nakivuka nikiwa natazama.

Mto wa sebuleni nao umehamia ukumbini. Nimeulizwa nyumbani uko wapi, nikasema uko kazini.

Bado kuna pahali pamoja panapokaza. Ni pale baada ya ile sehemu ya kunong'ona, inaporudi kubwa ghafla. Najua inakuja, na bega linapanda kabla ya mkono, kama mtu anayesubiri sindano. Nimejaribu kutoa pumzi pale, inasaidia mara mbili kati ya tano.

---

chapuo_la_pwani

Usiisubiri. Sisi ngoma ikishuka ili ipande, anayepandisha ni mguu au kiuno, mkono unafuata. Jaribu kuhesabu kwa kisigino ile sehemu ya kimya, uone kama bega litasahau.

---

Kinanda_Kimoja

Kisigino! Kesho asubuhi kabla ya misa. Jumamosi kuna fundi anakuja kutazama vibonye viwili vya chini vinavyochelewa kupanda, akimaliza nitarekodi kwa simu niweke hapa. Mtazamaji, kigoda chako usikitoe.

---

mtazamaji_wa_nje

Kiko palepale. Nimemletea na jirani.